Herufi a Yenye Paa

Siku ile Duara alibadilisha nguo mara tatu, na mwisho akatoka na ile ya kwanza. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, kitana mkononi, akimtazama bila kusema neno. Kimya cha mama huyo kilikuwa kizito kuliko maneno yake. Alikuwa msusi, mwenye saluni ya viti vitatu, na kutwa nzima alizungumza juu ya vichwa vya watu. Akinyamaza, ujue jambo limemkaa rohoni.

"Kwenda nenda," alisema hatimaye. "Lakini ujue unachokiendea. Wenzio huolewa wakamkuta mama mkwe wao. Wewe unakwenda kumkuta mama mkwe wa mume wako."

Duara alicheka, kisha akajuta kucheka, maana mama yake hakuwa anatania. Sharti alikuwa ameshalitoa wiki mbili nyuma, akalirudia kila jioni kama dozi. Fundi ni mtu mwema, hana neno naye. Amefiwa na mke, na kufiwa si kosa la mtu. Lakini nyumba moja na mama wa marehemu, hapana. Siku mama huyo atakapopata pengine pa kukaa, siku hiyo hiyo mjomba ataitwa na posa itapokewa. Kabla ya hapo posa isipige hodi.

Basi Duara akashika mkoba wake, akatoka, na moyo wake ukatangulia mbele kama mtoto aliyeachiwa mkono.

Jina hilo la Duara alipewa kazini. Alikuwa mchoraji wa herufi. Watu wengi hawajui kwamba herufi huchorwa na mtu; hudhani zimo tu ndani ya kompyuta, kama chumvi ilivyomo baharini. Yeye alikuwa ametumia mwaka na nusu kuchora seti moja tu ya herufi, nene, za mviringo, zisizo na vimkia wala vijiguu, ncha zake zote zimelainika kama kipande cha sabuni kilichotumika siku mbili. Hazikuwa herufi za kusomea kitabu. Zilikuwa za mabango na vibao, za kuonwa na mtu aliye mbali. Kila moja aliianza kwa duara la penseli kabla ya kuipeleka kwenye kompyuta, na wenzake ofisini, kwa kuyaona maduara hayo yamezagaa mezani kama sahani za harusi, wakambatiza jina.

Wa kwanza kuzitaka herufi hizo ilikuwa hospitali ya macho iliyokuwa ikihamia jengo jipya. Wanaoingia pale wengi wao wanaona ukungu, na maandishi membamba hayawafai kitu. Kazi ya kukata vibao ikapewa karakana moja ya mtaa wa pili, na huko ndiko Duara alikokutana na Fundi, kwa ugomvi.

Aliambiwa kwamba mkataji amebadilisha herufi moja bila kumwuliza mtu. Akaenda mbio, na hasira ya mtu aliyepigiwa mtoto. Alimkuta mwanamume mrefu, wa taratibu, nyusi zake zimejaa vumbi la mbao, akipitisha msasa kwenye ubavu wa herufi m kana kwamba anamkanda mgonjwa. Duara akasema yote aliyokuja nayo. Fundi akasikiliza mpaka mwisho, akaweka msasa chini.

"Nimekosa kwa kutokuuliza," alisema. "Kwa hilo nisamehe. Kwa herufi yenyewe sikuombi radhi mpaka uione."

Akaegemeza vibao viwili kwenye ukuta wa nje, akamwongoza Duara kuvuka barabara hadi upande wa pili, akamwambia afumbe macho nusu. Duara akafumba nusu. Kibao cha kwanza, chenye herufi zake kama alivyozichora, kilisomeka "mopokezi". Herufi a aliichora kwa namna ya mpira na fimbo, ile wanayofundishwa watoto, na kwa sababu herufi zake zilikuwa nene mno, fimbo ilikuwa imemezwa na tumbo la mpira. Kutoka mbali ilikuwa o na hakuna zaidi. Kwenye kibao cha pili Fundi alikuwa amekata a ya vitabuni, yenye paa juu ya tumbo. Hicho kilisomeka "mapokezi" bila wasiwasi.

Duara alifumbua macho, akavitazama tena vibao vyote viwili. Alitamani apate kosa. Hakulipata.

"Ulijuaje?" aliuliza.

"Niliambiwa," alijibu Fundi, na akageuka kwenda kuzima mashine iliyokuwa ikinguruma peke yake.

Siku tatu Duara alichora a yenye paa, akachora na kufuta, mpaka kifutio kikabaki ukubwa wa njegere. Paa likizidi unene, tundu la tumbo lilizibika. Likipungua, herufi ilionekana mgonjwa kati ya wenzake wazima. Alipoipata aliipeleka karakana mwenyewe, ingawa angeweza kuituma kwa simu. Fundi akaikata kwa mbao nyepesi, akaiinua dirishani mwanga upite tunduni, akapitisha dole gumba ukingoni taratibu. Duara alijikuta anakitazama kile kidole na kusahau herufi.

Baada ya hapo sababu za kwenda karakana zilizidi kuwa ndogo. Siku moja alikwenda kuuliza kitu alichokuwa anakijua. Fundi akamjibu kwa makini, kisha akasema n yake ina mabega ya mtu aliyelala vizuri. Duara alirudi ofisini na neno hilo, akakaa nalo wiki nzima kama pipi isiyoyeyuka.

Alipokuja kumwambia kuwa anampenda, Fundi hakuficha kitu. Alikuwa na mke, akafariki, sasa ni mwaka wa nne. Mama yake mzazi alimpoteza angali mtoto wa kubebwa, na neno "mama" alianza kulitumia ukubwani, kwa mama wa mkewe. Mama huyo anaishi naye. Hakuzaa mwingine, na macho yake yanakwisha. Fundi aliyasema hayo akiwa ameangalia mikono yake. Mwisho akauliza, kwa sauti ya chini, kama Duara bado yupo. Duara akasema bado yupo.

Na sasa alikuwa mlangoni kwao, Jumamosi saa tisa mchana, mkoba umembana kwapani.

Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, chini ya ghorofa, imefagiwa mpaka pembeni. Mama mkwe wa Fundi alikuwa amekaa karibu na dirisha, mgongo umenyooka, mikono mapajani. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, maana alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na moja, na nusu ya waliokuwa wakipita pale dirishani ni yeye aliyewashikisha kalamu.

"Shikamoo, Mwalimu," Duara alisema, akapiga magoti kidogo.

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Alimtazama Duara kwa pembe ya jicho, uso ameugeuzia ukutani kama mtu anayemdharau mgeni. Duara moyo ukamwanguka. Hakujua bado kwamba ndivyo Mwalimu alivyoona. Katikati ya macho yake palikuwa na giza, na kilichobaki kilikuwa pembeni tu, hivyo aliyetaka kumwona vizuri ilimbidi amgeuzie uso.

Wakaulizana habari za nyumbani, za kazi, za joto lililozidi mwaka huu. Fundi alikuwa amekaa kati yao, magoti yamegusana kama mvulana wa shule, akijibu hata maswali asiyoulizwa. Mwalimu akamvumilia kidogo, kisha akamtuma maziwa ya chai. Fundi akainuka haraka. Mwalimu akaongeza kwamba asichukue ya duka la jirani, yale ni maji yaliyoona ng'ombe kwa mbali. Aende la kule sokoni. Fundi akaelewa kuwa anafukuzwa. Mlangoni aligeuka akamtazama Duara mara moja, na katika jicho lile mlikuwa na kuomba radhi, na pole, na kitu kingine kilichomfanya Duara ainamishe kichwa.

Hatua zake zilipopotea, Mwalimu alisema, "Wananiambia unachora herufi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Za zamani zilikuwa na upungufu gani?"

Duara alishaulizwa swali hilo na watu wengi, wote kwa kucheka. Mwalimu aliuliza kama anayesahihisha daftari. Ikambidi Duara afikiri. Akamjibu kwamba hazikuwa na upungufu, ila maandishi ni kama sauti. Mtu mwenye hasira akisema "ngoja", na mtu mwenye huruma akisema "ngoja", neno ni lile lile lakini halifiki pamoja. Yeye alitaka herufi ambazo mtu mwenye hofu akizikuta mlangoni mwa hospitali, zimwambie kwa sauti ya mtu mwenye huruma.

Mwalimu akanyoosha mkono chini ya meza ndogo, akatoa o ya mbao, ukubwa wa sahani, moja ya zile Fundi alizokuwa akizikata za majaribio.

"Hii wanasema ni mviringo. Si mviringo. Nimeipapasa. Juu na chini ni nyembamba kuliko mbavuni."

"Ukiichora kwa bikari, unene sawa kote, jicho linaiona imevimba juu na chini," Duara alieleza. "Inabidi uipunguze hapo. Na inabidi izidi mstari kidogo, la sivyo itaonekana fupi kuliko wenzake."

"Kwa hiyo jicho lidanganywe ndipo lione ukweli."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Hilo sikuwafundisha," Mwalimu alisema, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na tabasamu dogo mdomoni. Aliizungusha ile o mikononi mwake. "Na a yako nani alikwambia uibadilishe?"

"Fundi."

"Na Fundi nani alimwambia?"

Duara akakumbuka vile Fundi alivyogeuka kwenda kuzima mashine.

"Alileta kibao hapa nyumbani," Mwalimu alisema. "Akakisimamisha pale kwenye kabati, akaniuliza kinasemaje. Nikamwambia, mopokezi. Akasema nitazame tena. Nikamwambia hata nikitazama mpaka kesho ni mopokezi, na aliyeichora hiyo a ana macho mazima kwelikweli. Miaka thelathini na moja, mwanangu, nimefundisha a ya mpira na fimbo. Nimewachapa mikono watoto kwa ajili yake. Nilipoanza kupofuka ndipo nikajua ni a ya wenye macho."

Kazi yote ile, sifa zote alizopewa na wakubwa wa hospitali kwa sababu ya a ile, zilikuwa zimetoka kwenye kiti hiki cha dirishani. Duara akasema asante. Likatoka dogo mno, akalirudia.

Mwalimu akaipuuza ile asante kwa mkono, kama anayefukuza nzi.

"Walipofungua jengo, akanipeleka kliniki. Tukaingia mlango mkubwa, na mbele yangu pale ukutani pana maandishi. Ukiacha ile mopokezi, sikuwa nimesoma neno kwa macho yangu miaka miwili. Nikasimama. Nikageuza uso hivi, nikasoma. Mapokezi. Nikasoma tena nisije nikawa nimekisia. Nikamwuliza Fundi, haya nani kayachora? Akanyamaza." Vidole vya Mwalimu vilipita ukingoni mwa ile o. "Mimi nimeishi na yule mtoto miaka kumi na moja. Nakijua kimya chake cha njaa, nakijua cha hasira, nakijua cha msiba. Kile hakikuwa kimojawapo. Kile nilikuwa nimekisikia mara moja tu, siku alipokaa mbele yangu kuja kumposa binti yangu."

Nje mtu alipita akiburuta kiti cha chuma, kelele ikaingia dirishani ikatoka.

"Nililia pale pale. Wauguzi wakadhani nalia kwa furaha ya kusoma. Nikawaacha wadhani hivyo."

"Nisamehe, Mwalimu," Duara alisema. Machozi yalikuwa yameshamfika.

"Nikusamehe nini? Uliiba?" Akaweka ile o mezani. "Sikiliza, kabla hajarudi. Nina dada yangu. Anakaa mbali, lakini ana chumba. Jumatatu mwanawe atakuja kunichukua. Mzigo nimeshaufunga, uko nyuma ya mlango wa chumbani. Fundi hajui. Nilitaka ujue wewe, usije ukadhani kuna bibi kizee amekaa dirishani anakukataa. Mimi si mama yake. Kilichotuunganisha kimezikwa, na nyumba haina viti viwili vya mama. Nitapisha. Ninachotaka ni uniapie kwamba hutamwambia mpaka niwe nimeondoka."

Duara alijiona alivyo. Jumatatu. Sharti la mama yake lilikuwa limetimia lenyewe; embe limemdondokea mikononi na wala hakurusha jiwe. Siku hiyo hiyo mjomba angeitwa. Mwisho wa mwezi angekuwa mke wa mtu anayempenda, katika nyumba hii safi, na hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu. Ingetosha kusema neno moja, "naapa", na hata si uongo.

Aliitazama mikono ya Mwalimu. Ilikuwa imerudi mapajani, imetulia, ila kidole kimoja kilikuwa kikichora kitu juu ya kitambaa cha nguo, tena na tena, mpira na fimbo, mpira na fimbo, bila mwenyewe kujua.

"Siwezi kuapa, Mwalimu."

"Ni zawadi nakupa."

"Najua. Siipokei. Nikiipokea, kila asubuhi nitakayoamka katika nyumba hii nitakuwa nimelala juu ya mzigo wako. Kama ni lazima mmoja apishe, mgeni hapa ni mimi. Mkiishi hapa wote wawili nitaingia kwa furaha. Ukiondoka wewe, siingii."

Mwalimu aligeuza uso kabisa ukutani, maana yake ni kwamba alikuwa akimwangalia Duara kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

"Una kichwa kigumu."

"Mama yangu ni msusi. Kimevutwa tangu utotoni."

Mwalimu akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha puani, kilichomponyoka, na kabla hajakirudisha Fundi alikuwa mlangoni na maziwa mkononi, anahema, dhahiri alikwenda sokoni mbio na kurudi mbio. Aliwatazama wote wawili, mmoja macho mekundu, mwingine mdomo bado umefunguka, akashindwa kuelewa amekuta msiba au harusi.

Mwalimu akasema, "Duara," kwa sauti ya kuonya.

"Mama amefunga mzigo," Duara alisema. "Jumatatu anakwenda kwa dada yake. Anasema anatupisha."

Fundi aliweka maziwa chini, akaingia chumbani, akatoka na begi la kitambaa lililofungwa kamba, si kubwa, la mtu ambaye hakutaka kuchukua vingi. Akaliweka sakafuni mbele ya miguu ya mkwewe na yeye mwenyewe akakaa chini pale, mrefu vile, magoti yamemfika kidevuni. Alianza kuifungua ile kamba. Fundo lilikuwa limekazwa. Vidole vyake vilivyokata herufi mamia bila kukosea vilishindwa na fundo.

"Mwanangu, acha," Mwalimu alisema.

"Mama." Aliacha kamba. "Mimi nilifiwa na mke. Mama sijafiwa."

Hapo Mwalimu aliinama, akakitafuta kichwa chake kwa mikono, akakikuta, na vidole vyake vikakaa pale kwenye nywele zenye vumbi la mbao. Duara akachukua maziwa, akaingia jikoni asikokujua, akafungua makabati mpaka akapata sufuria. Akasimama hapo akingoja maziwa yachemke, na mgongo wake kwa wale wawili, kwa maana kuna machozi ambayo hata anayekupenda hana haki ya kuyatazama.

Chai walikunywa watatu. Mwalimu akasema ina sukari nyingi. Akanywa vikombe viwili.

Jua lilikuwa bado juu Fundi alipomsindikiza Duara hadi kituoni. Walitembea polepole, bega kwa bega, mikono yao ikigusana na kuachana kwa bahati iliyokuwa si bahati. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache, na Duara alishajifunza kuyangoja.

"Ulipewa njia nyepesi," alisema mwisho.

"Nyepesi kwa nani?"

Fundi akampisha upande wenye kivuli.

"Mama yako atasema nini?"

Duara alimwambia ukweli. Hakujua. Huenda akasema hapana na hapana hiyo ikachukua miaka. Fundi akasimama, watu wakiwapita huku na huku, akamshika mkono mbele ya mtaa mzima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kiganja chake kilikuwa kikavu, kigumu, na joto lake lilimpanda Duara mpaka kwenye kiwiko.

"Mimi ni mtu wa msasa," alisema. "Nina subira. Hata akichukua miaka, nitakuja kila mwaka kubisha hodi. Wewe tu usichoke kunifungulia."

"Nikichoka nitakwambia," Duara alisema. "Usiingoje siku hiyo."

Akacheka yeye, akacheka Fundi, na hawakuachana mikono mpaka gari lilipofika.

Mama alikuwa peke yake saluni, akisuuza vitana kwenye beseni, wateja wa Jumamosi wameshakwisha. Duara alikaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya kioo, akamwambia yote bila kupunguza. Alimwambia habari za a, za hospitali, za mzigo nyuma ya mlango. Mama alisuuza kitana kile kile muda wote huo.

"Ngoja nielewe," Mama alisema, Duara alipomaliza. "Mwenyewe, kwa kinywa chake, alisema anaondoka Jumatatu. Nawe ukakataa."

"Ndiyo, Mama."

"Ukijua nilichokisema mimi."

"Nikijua."

"Kwa nini?"

Duara alimtazama mama yake ndani ya kioo. Mjane, mtoto mmoja, miguu ilishaanza kuvimba kwa kusimama.

"Alikuwa na mtoto mmoja tu, akafariki," alisema. "Na wewe una mtoto mmoja tu. Nilifikiri, mimi nikitangulia, nani atakuwa na wewe? Nikatamani awe mtu kama Fundi. Halafu nikafikiri, na huyo mtu akija kupata mke, mke mwenyewe awe nani."

Kitana kilianguka kwenye beseni. Mama hakukiokota. Alikausha mikono kwa taulo, kidole kimoja kimoja, mpaka vidole vyote kumi vikawa vikavu, akaendelea kuvikausha. Alimsogelea Duara kwa nyuma, akamweka mikono mabegani, na wakatazamana kiooni muda mrefu kuliko walivyowahi.

"Huyo Mwalimu," Mama aliuliza, "nywele zake nani anamsuka?"

"Hakuna. Anajifunga kitambaa. Anasema haoni njia."

Mama akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za uonevu. Akaenda kwenye droo, akaanza kuchagua vitana, akivijaribu meno yake kwa kiganja, akiweka pembeni vigumu, akibakiza vilaini vya ngozi ya mtu mzima. Akachukua na chupa ya mafuta, akaitazama kwenye mwanga, akairudisha, akachukua ile nzuri.

"Usifikiri nimekubali," alisema bila kugeuka. "Kesho nakwenda kumsuka tu."

Kwa miaka yote ya saluni ile, mama yake hakuwahi kumfuata mteja nyumbani kwake, hata mke wa mkubwa aliyeleta gari mlangoni. Duara alimwangalia akivifunga vitana vitano kwenye taulo safi, kwa uangalifu wa mtu anayejiandaa kwa safari, kisha akamsikia anauliza ni gari gani la kupanda, na kama huyo mwenzake anakunywa chai yenye sukari au la.

"Kidogo tu," Duara alisema. "Nyingi analalamika, lakini anakunywa."